Barua ya Kukataliwa Fao Isifungiwe Sandukuni

(Maelezo ya Ofisa Mawasiliano wa Halmashauri kwa wananchi, katika mkutano wa kata, kuhusu haki za mtu aliyenyimwa fao la ulemavu.)



Nimepewa nafasi hii nizungumzie jambo ambalo wengi hulinong'ona majumbani na wachache hulifikisha panapohusika. Mtu ameumia, ameomba fao analoamini kuwa ni haki yake, kisha amejibiwa kwa barua kwamba ombi lake limekataliwa. Je, safari imeishia hapo?

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Baba yangu mdogo alikatwa vidole vitatu na mashine kazini. Aliomba fidia, akajibiwa kwa barua. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma katika ukoo, aliniletea nimsomee. Nilisoma upande wa kwanza, nikaliona neno "limekataliwa", nikampa pole na kumrudishia karatasi yake. Upande wa nyuma paliandikwa sababu, nayo ilikuwa upungufu wa taarifa ya daktari, pamoja na muda wa kuomba uamuzi uangaliwe upya. Tulipokuja kuigeuza karatasi ile, muda ulikuwa umekwisha. Hakunilaumu hata siku moja. Lakini kila amshikapo mpini wa jembe mbele yangu, mimi hutazama pembeni.

Ndugu wananchi, Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Ibara ya 13(6)(a), inatambua kwamba mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote anastahili kusikilizwa kwa ukamilifu, na anastahili kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Maneno "chombo kingine" yana uzito. Ofisi inayoamua kama utalipwa au hutalipwa nayo imo.

Wenzetu wa Afrika Kusini wanatupa mfano mzuri. Katika jimbo la Eastern Cape, serikali ya jimbo ilitaka kusafisha orodha ya wanaolipwa ruzuku ili kuwaondoa wasiostahili. Nia hiyo haikuwa mbaya. Tatizo ni kwamba maelfu ya watu, wakiwamo wenye ulemavu, walisitishiwa malipo bila kuarifiwa wala kusikilizwa. Wachache wao walikwenda mahakamani kwa niaba yao wenyewe na ya wenzao. Serikali ya jimbo ilipinga wasiwasemee wengine. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Rufani ilikataa pingamizi hilo, kwa kuwa maskini waliotawanyika vijijini hawawezi kila mmoja kufungua shauri lake. Funzo ni kwamba mamlaka ina haki ya kuhakiki, lakini haina haki ya kumkatia mtu riziki yake gizani.

Hapa kwetu, Mahakama Kuu inaweza kuupitia uamuzi wa chombo cha umma. Tuelewane vizuri hapa, kwa sababu wengi hukosea. Katika mapitio hayo, jaji hapimi kidonda chako wala hakuandikii hundi. Huangalia njia iliyotumika kufikia uamuzi. Je, aliyeamua alikuwa na mamlaka kisheria? Je, ulisikilizwa? Je, aliacha jambo la msingi, au alizingatia lisilohusika? Akiona kasoro, jaji anaweza kuufuta uamuzi, au kuiamuru ofisi itimize wajibu wake. Mara nyingi jalada hurudi kulekule lilikotoka, liamuliwe upya kwa kufuata sheria. Kwa hiyo kushinda mahakamani huenda kukawa ni kuanza upya, lakini safari hii ukiwa umesikilizwa.

Yapo masharti mawili ya kukumbuka. Kwanza, tumia ngazi zilizowekwa na sheria husika kabla ya kwenda mahakamani: mapitio ya ndani na rufaa za kiutawala. Aliyeziruka huweza kurudishwa mlangoni. Pili, muda. Maombi ya kibali cha mapitio hupelekwa Mahakama Kuu ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Rufaa za ndani zina muda wake, na huweza kuwa mfupi zaidi. Kwa walioumia kazini, madai kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nayo hutakiwa kuwasilishwa ndani ya muda uliowekwa na sheria. Mfuko huo huchangiwa na mwajiri, si mfanyakazi, kwa hiyo mtu asikwambie kwamba hustahili kwa kuwa hukukatwa mshahara.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni hivyohivyo. Nawaomba mfanye haya:

Andika kwenye bahasha tarehe uliyoipokea barua. Isome pande zote mbili, au msomewe na mtu asiye na haraka. Kama sababu haikuandikwa, iombe kwa maandishi. Tunza nakala za fomu, vyeti vya hospitali na barua zote, na ukiwasilisha hati, dai nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kama kilichopungua ni taarifa ya daktari, rudi hospitali mapema. Usimpe mtu fedha kwa ahadi kwamba "atalisukuma faili".

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria. Msaidizi wa kisheria hatakuwakilisha mahakamani, lakini atakusaidia kuielewa barua yako na kukuelekeza. Anzia ofisi ya kata, au kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii, atakuonyesha walipo.

Ndugu zangu, inawezekana ofisi iliamua sawasawa na hukustahili. Hilo nalo ni jibu, na mtu aliyesikilizwa hulipokea kwa utulivu. Kisichofaa ni kunyamaza kwa kutojua. Jioni ya leo, mwenye barua ya namna hiyo aitoe sandukuni, aigeuze, aisome nyuma. Kesho asubuhi ailete ofisini tuisome pamoja, nami safari hii sitasoma upande mmoja.