Saa za Mapumziko Ughaibuni

Msikilizaji, wewe unayejiandaa kwenda kufanya kazi Muscat, Dubai au London, tega sikio. Kazi utakayoanza nayo huenda isiwe kazi utakayomalizia.

Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana, akafika Uingereza. Huko alifanya kazi ya uhudumu hospitalini. Hakwenda ili awe mwandishi. Alianza kuandika akiwa ugenini, akikumbuka nyumbani. Na akaendelea kusoma. Baadaye akawa profesa Chuo Kikuu cha Kent. Mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Sisemi kila mtu atapata Nobel, la hasha! Nasema muda wake aliutumia.

Basi fanya hivi. Kabla ya kusaini mkataba, angalia kama siku ya mapumziko imeandikwa. Haipo? Dai iandikwe. Bila siku hiyo, nafasi ya kujifunza utaipata wapi? Ukishafika, chagua ujuzi mmoja tu: lugha ya pale, upishi, kutunza wazee, au kompyuta. Tenga saa zake kila wiki. Narudia: ujuzi mmoja, saa zake kila wiki. Simu nayo, ukiiachia, itazila zote. Ukihitimu, chukua cheti, na nakala yake itume nyumbani.

Na wewe uliyejifunza ufundi kazini, bila darasa? Ukirudi Tanzania, nenda chuo cha ufundi stadi cha VETA kilicho karibu nawe. Ulizia urasimishaji wa ujuzi. Utapimwa, na ukifaulu utapewa cheti.