Ngoja Wiki Tano Kabla ya Kukata Tawi
Hotuba kwa wakazi wa Chakol, Teso Kusini



Mvua ndefu ikinyesha na mahindi yakishachipuka, miti ya nyumbani hujaa kelele. Ni kwera, yule ndege wa manjano. Dume, mwenye kichwa cheusi, huchana ukanda mwembamba wa jani na kuusuka kwa mdomo hadi kiota kining'inie, mlango ukitazama chini. Kisha hujining'iniza mlangoni akipigapiga mabawa, akimwita jike. Jike huingia kukagua. Akikikataa, kiota kikakauka, dume hukibomoa mwenyewe na kuanza upya. Akikikubali, hutandika nyasi laini ndani na kutaga.

Hesabu ya mwenye boma basi ni rahisi. Mayai huatamiwa siku 12 hivi, na makinda hukaa kiotani karibu wiki tatu. Tawi likiachwa wiki tano, kizazi kimeokoka. Likikatwa katikati, makinda wote hufa. Ukiona kwera wakiingia na wadudu mdomoni, jua kuna makinda ndani. Panga liwekwe chini.

Mkulima atauliza: na mtama wangu je? Ni kweli, kwera huchana majani ya mahindi na hula nafaka. Lakini makinda wake huwalisha wadudu, wakiwemo panzi na viwavi, ambao nao ni adui wa shamba. Mtama unapokomaa, ndege wafukuzwe kwa makopo, kelele na sanamu.

Sumu isitumike kamwe. Kusini mwa kaunti yetu, kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala, ndege wa majini wamewahi kuuawa kwa chambo kilichotiwa dawa ya wadudu, kisha nyama yao ikauzwa kwa watu. Sumu ya namna hiyo haiishii kwa ndege. Hufika hadi sahani ya mtoto.

Kwa hivyo, kila boma lifanye mambo matatu msimu huu. Mti ukaguliwe kabla ya kupogolewa. Watoto waache manati, wakae mbali kidogo na mti, wahesabu viota na siku bila kuvigusa. Na yeyote akiona ndege wengi wamekufa mahali pamoja, asiwaokote wala kuwala. Amjulishe chifu au Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.