Somo la Redio: Mtoto wa Jicho na Kisukari

Leo tutajifunza juu ya macho.

Tuseme wako bibi wawili, mmoja wa Kemondo, mwingine wa Kamachumu. Wote wamepata mtoto wa jicho. Msimu wa senene hawawezi kuchambua, maana mabawa na miguu hawaioni. Wote wamepasuliwa. Bibi wa Kemondo sasa anaona vizuri. Bibi wa Kamachumu amepata nafuu kidogo tu. Majirani wanasema, "Daktari ameliharibu jicho." Je, ni kweli? Bibi wa Kamachumu ana kisukari. Sikilizeni.

Jicho ni kama chumba. Mbele kuna kioo cha dirisha, nacho huitwa lenzi. Nyuma kuna ukuta unaopokea nuru, nao huitwa retina. Mtoto wa jicho ni kioo kilichoingia ukungu. Daktari hukitoa na kuweka lenzi ya kutengenezwa. Daktari Harold Ridley alianza kazi hiyo London mwaka 1949.

Lakini kisukari huharibu mishipa midogo ya damu katika ukuta wa nyuma. Ukibadili kioo, ukuta ulioharibika haujatengenezwa. Tena, baada ya upasuaji ukuta huo waweza kuvimba.

Je, mwenye kisukari akatae kupasuliwa? Hasha! Wengi huona vizuri baadaye, hasa ambao ukuta wao ni mzima. Tena kioo kikiwa na ukungu mwingi, daktari hawezi kuuona ukuta ili autibu.

Basi afanye hivi:

1. Amwambie daktari mapema kwamba ana kisukari.
2. Apimwe sukari ya damu na retina kabla ya upasuaji. Asiache dawa zake kwa shauri lake mwenyewe.
3. Baada ya kupasuliwa atie dawa ya matone kama alivyoagizwa, wala asifikiche jicho. Likiuma, likiwa jekundu, au nuru ikipungua, arudi siku ile ile.
4. Apimwe retina kila mwaka, hata akiona vizuri.

Mwenye jamaa haoni vizuri, ampeleke zahanati akapimwe macho na sukari pia.

Sasa andikeni katika madaftari yenu: "Kioo kimebadilishwa, lakini ukuta bado wataka kutunzwa." Kisha msomeeni mtu mmoja nyumbani.

Kwaherini.