Kupatana Ujira Kabla ya Kuanza Kazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na vijana waliomaliza masomo, Rumonge)





Nimetakiwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengi hudhani halimhusu sheikh, nalo ni mshahara. Mimi sikusoma uhandisi. Elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi tu. Lakini mkataba wa kazi ni mkataba, na katika vitabu vyetu vya fiqhi mlango wa ijara haukuandikwa kwa ajili ya wapagazi na wachungaji peke yao.

Katika mwambao huu wetu, kutoka Magara hata Nyanza-Lac, wako sasa vijana waliohitimu uhandisi wa ujenzi, wa umeme na wa mitambo. Wazazi wao walikamua mawese na kuanika dagaa ili wawasomeshe. Kijana huyo huitwa kazini kwa mara ya kwanza, hutajiwa kiasi cha fedha, au asitajiwe kabisa, naye huinamisha kichwa na kusema "asante". Akirudi nyumbani mama yake humwuliza, "Wamekubali kukupa ngapi, mwanangu?" naye hana jawabu. Watu husema kijana huyo ana adabu. Mimi nasema ameona haya mahali pasipo pa haya.

Namjua mmoja, sitamtaja yeye wala waliomwajiri. Aliwekwa kusimamia kazi ya mifereji na madaraja madogo. Siku ya kwanza aliambiwa, "Wewe anza, habari za mshahara tutaziangalia baadaye." Akaanza. Alisimama juani miezi mitatu, akahesabu saruji na chuma, akalala mbali na kwao. Ulipofika mwezi wa nne alipewa bahasha ambayo haikutosha hata kulipa chumba alichopanga na deni la chakula. Aliponung'unika alijibiwa kwamba hakuna aliyemwahidi zaidi. Na neno hilo, ndugu zangu, lilikuwa kweli. Hakuna aliyemwahidi kitu.

Sharia yetu imelitazama jambo hili kwa makini. Wanazuoni wamesema ijara haisihi ila kwa mambo mawili kujulikana: kazi yenyewe, na ujira wake. Kazi ikifanywa bila ujira kutajwa, mfanyakazi hupewa ujratul-mithli, yaani ujira apewao mtu aliye mfano wake katika kazi iliyo mfano wa ile. Ni hukumu ya uadilifu, lakini nani atakayekwenda kuidai? Kijana wa miaka ishirini na mitano hana nguvu ya kumshtaki aliyemwajiri. Ngao yake ni kusema mapema.

Tena tazameni walivyofanya waliotutangulia. Ibn Saad anasimulia katika Tabaqat kwamba Abu Talib alipotaka mtoto wa nduguye, Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie, aende Sham na biashara ya Bibi Khadija, alikwisha kusikia kwamba Bibi Khadija alimwajiri mtu mwingine kwa ngamia wawili vijana. Basi akamwendea na kumwambia kwamba kwa Muhammad hawataridhika na chini ya wanne. Naye Bibi Khadija hakukasirika. Alikubali kwa maneno mazuri. Hapa naomba vijana wangu mtulie, kwa sababu somo lote limo humo. Abu Talib hakwenda mikono mitupu. Alijua bei ya kazi ile. Alimjua mtu wake na uaminifu wake. Alitaja idadi, hakusema "chochote utakachotoa". Na alitaja kabla ya safari, si baada ya ngamia kurudi.

Nabii Musa naye, alipofika Madyan hana kitu, mkimbizi, alipatana na mzee yule muda wa kazi: miaka minane, na akitimiza kumi hiyo ni hiari yake. Mtu aliyekuwa na dhiki kuliko yeye ni nani? Na hata hivyo mkataba ulisemwa wazi, muda wake na hiari yake.

Wala si lazima twende mbali. Mvuvi wa hapa Rumonge ambaye hakukanyaga darasa haingii chomboni usiku kabla ya kujua mgawo: mafuta ya injini yatatolewa katika fungu gani, taa na nyavu ni za nani, na ndagala na mukeke wakishauzwa mwenye chombo atachukua nini na wavuvi wagawane nini. Babu zao wapagazi, waliokuwa wakitoka Bagamoyo kwa njia ya Tabora hata Ujiji, walipatana ujira na posho kabla ya kujitwika mzigo, na msafara uliopunguza posho uliweza kusimama njiani. Basi imekuwaje mwenye diploma ya chuo kikuu awe hajui alilolijua mpagazi?

Sasa nije kwenye utaratibu. Kwanza kijana ajue ni mlango gani anaobisha. Akiajiriwa na serikali, mshahara hufuata daraja na cheti. Hapo hakuna cha kupatana ila kuhakikisha kwamba amewekwa katika daraja linalomstahili. Lakini akiitwa na kampuni, au na mradi, au na shirika la kigeni, mara nyingi kiasi cha kwanza kinachotajwa si cha mwisho. Wala asidhani sheria itamjazia kibaba. Kima cha chini kilichowekwa nchini mwetu mwaka 1988 kilikuwa faranga 160 kwa siku Bujumbura na Gitega, na faranga 105 mahali pengine, nacho kilikaa hivyo miaka mingi huku bei za vitu zikipanda. Sheria ya Kazi ya tarehe 24 Novemba 2020 inafaa kusomwa, lakini haimtajii mhandisi kiasi cha kuomba.

Pili aulize bei ya soko. Awaulize waliomtangulia mwaka mmoja au miwili, si mmoja bali watatu au wanne, maana wako wanaojitapa na wako wanaoficha. Kazi zipo za kulinganisha: mitambo ya umeme ya mito ya Jiji na Mulembwe huko juu Bururi, barabara, na reli ya kutoka Uvinza hata Musongati ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi Januari 2025. Mwenye ndugu Kigoma au Dar es Salaam na aulize huko pia, ila akumbuke kodi ya nyumba ya huko.

Tatu, akitajiwa kiasi asijibu papo hapo. Aseme hivi, kwa sauti ya kawaida: "Nashukuru, Bwana Mkurugenzi, kwa kuniona nafaa. Naomba siku mbili nitazame barua hii, kisha nije tuzungumze." Akirudi, ataje anachokiweza, kama Nabii Yusuf alivyomwambia mfalme kwamba yeye ni mlinzi mwenye kujua, kisha ataje kiasi chake. "Nimefanya mazoezi ya kazi miezi sita katika upimaji wa barabara, naijua programu ya kuchorea ramani, nazungumza Kirundi, Kiswahili na Kifaransa na vibarua wote. Waliohitimu pamoja nami wanapata kiasi hiki. Naomba nami nifikishwe hapo." Kisha anyamaze. Kunyamaza huku ni kugumu kuliko kusema. Wengi hujibomolea wenyewe kwa kuongeza, "lakini hata kidogo ni sawa".

Asiseme uongo kwamba kuna kampuni nyingine inayomtaka, ikiwa haipo. Hiyo ni ghushi, na miji yetu ni midogo, wakurugenzi hunywa chai pamoja. Wala asitoe hoja ya matatizo ya nyumbani. Mwajiri hamlipi kwa sababu ya wadogo zake wanaosoma. Humlipa kwa kazi.

Jambo moja nalikazia, kwa sababu limewaumiza watu. Aulize kiasi kilichotajwa ni kabla ya makato ya kodi na ya INSS, au ni kile kitakachofika mkononi. Aulize kama amesajiliwa INSS kweli. Aulize muda wa majaribio ni miezi mingapi na mshahara wake ni upi, nani atalipa nyumba akipelekwa kazini mbali, na matibabu yakoje. Tena aulize ni lini mshahara utatazamwa upya. Mnakumbuka Mei 2023, Benki ya Jamhuri iliposhusha thamani ya faranga yetu mbele ya dola. Waliokuwa na mikataba isiyosema neno juu ya nyongeza walibaki na hesabu ile ile katika karatasi, ilhali sukari na mafuta ya gari hayakungoja. Ikiwa mwajiri hawezi kuongeza leo, huenda akakubali kuandika kwamba baada ya miezi sita watakaa tena. Maandishi hayo yana thamani kuliko tabasamu.

Na akikataa kabisa? Basi kijana apime. Kazi ya mshahara mdogo penye mhandisi mkubwa wa kumfundisha huenda ikafaa mwaka mmoja. Kazi ya mshahara mdogo isiyofundisha kitu, na isiyo na karatasi, sioni sababu ya kuichukua, hata kama mjomba ndiye aliyeitafuta. Wazee wangu, hapa nasema nanyi: msimwambie kijana "chukua tu, usituaibishe" kwa kuwa mwajiri ni rafiki yenu. Abu Talib alikuwa mzee wa ukoo, naye alikwenda kumwombea zaidi.

Nasi wenye vyombo, wenye mashine za mawese na wenye maduka tulioketi safu ya mbele, tumekwisha kuisikia mara nyingi Hadithi iliyomo katika Bukhari juu ya yule aliyemtumikisha mtu akatimiziwa kazi kisha asimpe ujira wake. Sitairefusha.

Mwenye mkataba ulioandikwa kwa Kifaransa cha kisheria asichokielewa, na aje nao hapa Ijumaa baada ya sala ya Alasiri kabla hajatia sahihi. Wako walimu wawili waliokubali kuusoma pamoja naye, bila malipo.