Boksi la Stelingi Likivuja: Kikundi Kifanye Nini?

(Mazungumzo na wenyekiti, waweka hazina na madereva wa vikundi vyenye gari la pamoja)



Vikundi vingi vina gari moja tu, na gari lenyewe ni kuukuu. Ni pikapu ya kubeba maziwa, mbolea na mahindi, na usiku ikibidi inabeba mgonjwa. Leo tuzungumze juu ya tone la mafuta linaloonekana chini ya gari hilo, karibu na gurudumu la mbele upande wa dereva. Dereva analiona kila asubuhi. Anaongeza mafuta, anaondoka. Mweka hazina akiulizwa anasema, "Si linatembea?" Ndiyo, linatembea. Lakini je, litakata kona likiwa na mzigo kwenye mteremko?

Boksi ni nini?

Ukizungusha usukani, chuma kirefu kinashuka hadi kwenye boksi lililofungwa kwa bolti kwenye chesisi. Ndani yake mna skrubu kubwa na nati inayotembea juu ya gololi. Nati hiyo inazungusha shafti fupi inayotokea chini, na kwenye shafti kumefungwa mkono wa chuma unaosukuma fito za magurudumu. Toyota Hilux za miaka ya 1980 zina boksi la namna hii. Peugeot 504 haina. Yenyewe hutumia reki, na kazi yake ni nyingine.

Boksi lisilo na pawa lina oili nzito ya gia. Oili ikiisha, vyuma vinasagana na usukani unakuwa na mchezo. Boksi la pawa hupata mafuta kutoka kwa pampu inayozungushwa na injini. Mafuta yakiisha, pampu inalia na kuharibika, na usukani unakuwa mzito ghafla. Magurudumu bado yameshikana na usukani, lakini dereva aliyezoea usukani mwepesi anaweza kushindwa kukata kona kwa wakati.

Kwanza jueni panapovuja

Msikimbilie kununua boksi. Osheni sehemu yote, mpanguse ikauke. Mmoja awashe injini na kuzungusha usukani polepole, mwingine amulike kwa tochi akiwa kando, si chini ya gari. Mafuta yakitoka kwenye paipu au kiungio cha pampu, hutiririka hadi chini na boksi linasingiziwa bure. Paipu ni kitu kidogo.

Yakitoka pale shafti inapotokea chini, sili imechoka. Sili peke yake inabadilishwa kwa bei ndogo. Lakini zimeni injini, mshike ule mkono wa chuma na kuutikisa. Shafti ikicheza huku na huku ndani ya boksi, au ikiwa imeliwa na kutu mahali inaposuguana na sili, basi sili mpya itavuja tena baada ya muda mfupi. Hapo mnabadilisha boksi.

Pimeni pia mchezo wa usukani. Magurudumu yakiwa yamenyooka, na injini inaunguruma kama ni pawa, sogezeni usukani kidogo kidogo. Ukizidi sentimita 3 kabla magurudumu hayajaanza kusogea, kuna kasoro. Inaweza kuwa boksi, inaweza kuwa ncha za fito zilizolegea. Fundi mwingine atakaza ile skrubu ya juu ya boksi na kusema amemaliza. Muwe macho. Ikikazwa kupita kiasi, usukani unakwama na haurudi wenyewe baada ya kona.

Kazi yenyewe

Hii ni kazi ya fundi, lakini mtu wa kikundi awepo na ajue cha kutazama.

1. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu yamenyooka, mawe nyuma ya matairi. Likiinuliwa, liwekwe juu ya stendi imara. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

2. Usukani ufungwe kwa kamba usizunguke. Fundi atie alama kwenye kiungio cha juu na kwenye mkono wa chini, aonyeshe vilivyokaa.

3. Mafuta ya zamani yakingwe kwenye chombo. Yasimwagwe karibu na kisima wala mto. Midomo ya paipu izibwe isiingie mchanga.

4. Mkono wa chini utolewe kwa pula. Kuugonga kwa nyundo kunaweza kuharibu vyuma vya ndani, na kama mlikuwa mnabadilisha sili tu, sasa mtanunua na boksi.

5. Boksi likitoka, itazameni chesisi hapo lilipokaa. Pakiwa na ufa, pachomelewe na mtu anayejua kabla ya kufunga jingine.

6. Boksi jipya na la zamani yawekwe kando kwa kando: mashimo ya bolti, meno ya shafti, na midomo ya paipu. La gari la usukani wa kushoto halitafaa letu la kulia. Kisha fundi atafute katikati: azungushe polepole hadi mwisho wa upande mmoja, ahesabu mizunguko hadi upande wa pili, arudi nusu yake.

7. Bolti na nati zikazwe kwa spana ya kupima nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. Pini na washa za kuzuia nati zisilegee ziwe mpya.

8. Mafuta yawe yale yanayotakiwa na gari. Toyota nyingi za zamani zenye pawa hutumia ATF ya Dexron. Kamwe msitie mafuta ya breki, huharibu sili. Ili kutoa hewa, magurudumu ya mbele yainuliwe, usukani uzungushwe polepole pande zote injini ikiwa imezimwa, halafu tena ikiwa imewashwa. Mafuta yakiwa na povu, hewa bado imo.

9. Jaribuni gari likiwa tupu, mahali pa wazi. Magurudumu yapimwe kama yamenyooka. Baada ya siku chache bolti zikaguliwe tena.

Pesa na uamuzi

Spea za mitumba zinapatikana, hata kule Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambako wengi bado huita Grogan. Lakini mtumba utikisweni shafti yake kabla ya kulipa, mpewe risiti, na mkubaliane kwa maandishi kwamba likivuja linarudishwa. Ulizeni bei kwa mafundi watatu. Boksi la zamani ni mali ya kikundi, lirudi nyumbani.

Najua mtu atasema, "Gari likisimama siku tatu, maziwa yataharibika." Ni kweli, hasara ipo. Basi panga mapema: kodi mkokoteni wa punda, au ombeni kikundi jirani wawasaidie, na nyinyi mtawasaidia siku yao. Hasara ya siku tatu inahesabika. Pikapu ikienda bondeni na watu, kikundi chenyewe kinaweza kufa.

Kwa hivyo andikeni katika sheria zenu jambo moja: dereva akiona mafuta ya stelingi yanavuja, anaweza kulisimamisha gari bila kuomba ruhusa, na hatakatwa pesa. Sasa hivi dereva wengi wanaendelea kwa sababu wanaogopa kuitwa wavivu. Hilo si kosa la dereva peke yake, ni letu sote kwenye kamati.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Gari letu lilikaguliwa chini lini mara ya mwisho, na nani?
2. Nani ana ruhusa ya kulisimamisha? Je, anaogopa?
3. Je, tunaweka akiba ya matengenezo kila mwezi, au tunangoja liharibike ndipo tuchange?