Sindano ya Kipimo cha Ngozi



Twasikia barazani, tangu Kibokoni hata Ndia Kuu, wazazi wakiulizana kama sindano ya kupimia kifua kikuu katika ngozi yaweza kumtia mtoto maradhi mengine. Swali hili si la kudharauliwa. Huko Misri, tangu miaka ya 1950 hata ya 1980, watu wengi walidungwa sindano za kutibu kichocho. Mabomba ya kioo yalitumiwa tena na tena bila kusafishwa ipasavyo, na homa ya ini ya aina ya C ikaenea nchini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Lakini yatupasa kutenganisha dawa na chombo. Dawa ya kipimo hiki, tuberkulini, haina vijidudu hai. Haiwezi kumwambukiza mtu kifua kikuu. Hutiwa kidogo sana, mililita 0.1, ndani ya ngozi ya mkono, wala haiingizwi mshipani. Hatari, ikiwapo, imo katika chombo kilichokwisha kutumiwa kwa mwingine. Kubadili sindano peke yake hakutoshi. Bomba nalo liwe jipya. Vyote viwili ni vya mtu mmoja, mara moja, kisha hutupwa katika sanduku lake.

Basi mwombeni mwuguzi kwa adabu afungue pakiti mbele ya macho yenu. Kuomba hivyo si kumtukana. Ikiwa hakuna pakiti mpya, ombeni siku nyingine, lakini msikikimbie kipimo.

Kisha mtoto arudishwe baada ya saa 48, kabla ya saa 72 kupita, ili upimwe uvimbe mgumu, wala si wekundu. Asiyerudi amedungwa bure. Na uvimbe ukionekana, hiyo si hukumu kwamba ni mgonjwa. Daktari atatafuta zaidi kwa picha ya kifua na vipimo vingine.

Ndugu zetu, nyumba zetu zimesongamana, na kifua kikuu huenda kwa hewa ya mwenye kukohoa. Mjukuu alalaye chumba kimoja na mgonjwa ana hatari kubwa kuliko ya sindano safi. Wazee mkitangulia kunyosha mikono yenu, vijana watafuata.