Kabla ya Kutoa Dawa: Maswali ya Kumuuliza Mteja Anayesikia Maumivu Akikojoa

Mada kwa watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii

Utangulizi

Nani kati yetu hajawahi kuambiwa, "Naomba dawa ya UTI, nipe sipro nne tu"? Mteja amejipima, amejiandikia dawa na dozi amejipangia. Kilichobaki ni kulipa.

Hoja yangu ni kwamba maumivu wakati wa kukojoa ni dalili, na dalili hiyo ina visababishi vingi ambavyo tiba zake hazifanani. Maswali ya dakika mbili yanaweza kumwepusha mteja na dawa isiyomfaa.

Maswali ya msingi

Kwanza, maumivu yako wapi? Mkojo unaochoma, haja ya mara kwa mara inayotoka matone tu, na maumivu chini ya kitovu huelekeza kwenye kibofu. Mara nyingi chanzo ni bakteria wa utumbo, hasa E. coli, waliopanda kupitia mrija wa mkojo. Mrija huo kwa mwanamke una urefu wa takriban sentimita 4, kwa mwanamume karibu 20. Ndiyo maana wanawake huugua zaidi. Lakini kama kinachowaka ni ngozi ya nje pale mkojo unapoigusa, na kuna muwasho, fikiria fangasi au vidonda.

Pili, mkojo una rangi gani? Damu inayoonekana matone ya mwisho, hasa kwa mtoto au kijana anayeoga mtoni, bwawani au kulima majaruba, ituelekeze kwenye kichocho. Unguja, Pemba, ukanda wa pwani na vijiji vingi vya Kanda ya Ziwa vinakifahamu. Vimelea hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi. Mayai yao hujeruhi kibofu. Hapa antibayotiki haifui dafu: dawa ni prazikwanteli, inayotolewa kwa uzito, au kwa ile fimbo ya kupimia urefu tunayoiona kwenye kampeni za shuleni. Kichocho kisichotibiwa kwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya kibofu.

Tatu, kuna usaha au uchafu usio wa kawaida? Swali hili liulizwe faraghani, si mbele ya foleni. Huenda ni kisonono au klamidia, na magonjwa hayo humhusu pia mwenzi. Akitibiwa mmoja, ugonjwa hurudi nyumbani.

Nne, mgonjwa ni nani? Mjamzito, mtoto mdogo, mwanamume na mwenye kisukari wasiuziwe dawa kaunterini; wapewe rufaa. Kwa mwanamume mtu mzima, tezi dume nayo ichunguzwe.

Tano, kuna homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni? Hizo ni dalili kwamba maambukizi yamefika kwenye figo. Aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kipimo chenye maana

Majibu ya maabara hutegemea sampuli. Mweleze mgonjwa ajisafishe, aachie mkojo wa kwanza utoke, kisha akinge wa katikati kwenye chombo safi na kuupeleka mapema. Kwa kichocho, wakati mzuri ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Ugonjwa ukijirudia, mkojo uoteshwe ili ijulikane dawa ipi bado inawaua bakteria hao. Vidonge vinne vya sipro hupunguza maumivu, huacha bakteria sugu, na mteja hurudi baada ya wiki mbili akilalamika kwamba "UTI yangu haisikii dawa."

Choo kinalaumiwa kwa lipi?

Wengi huamini kwamba UTI huokotwa chooni. Bakteria wengi huwa wa mwili wa mgonjwa mwenyewe. Hata hivyo, choo kibovu kina lawama yake: mwanafunzi wa kike hubana mkojo hadi kengele ya mwisho, na mama muuza mboga sokoni hanywi maji tangu alfajiri ili asilazimike kwenda. Mkojo unaokaa muda mrefu kibofuni huwapa bakteria nafasi ya kuzaliana. Tushauri kunywa maji ya kutosha, kutobana mkojo, kukojoa baada ya tendo la ndoa, na kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma. Kujiosha ndani ya uke kwa sabuni huharibu kinga ya asili. Madafu yanywewe, ila yasichukue nafasi ya tiba.

Mapendekezo

1. Kila duka liwe na orodha ya maswali haya matano kaunterini.
2. Antibayotiki isiuzwe bila cheti, wala kwa nusu dozi.
3. Wahudumu wa jamii wawapeleke kupimwa watoto wenye mkojo wa damu.
4. Kamati za shule na za masoko zidai vyoo vyenye maji na milango inayofungika.